Neno Nililompa Askari

Mwaka 2021 nilikuwa naishi Auburn, kitongoji cha Sydney, Australia, katika fleti ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mimi na binti yangu wa miaka tisa, na nilikuwa namwogopa kila mtu mwenye sare. Sikuwa nimeiba wala kupigana na mtu. Nilikuwa nasubiri jibu la maombi yetu ya ukaazi wa kudumu, basi, na anayesubiri jibu la serikali hata akipiga chafya hujiuliza kama imeandikwa mahali. Fomu ilikuwa na swali lililouliza kama nimewahi kuunga mkono ugaidi. Nilitia alama ya hapana, kisha nikairudia kuiangalia mara tatu, nisije nikawa nimekosea kisanduku.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani wa simu. Daktari au karani akiwa na Mswahili asiyejua Kiingereza, anapiga, naunganishwa, natafsiri pande zote mbili nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Tuliofanya kazi hiyo kwa Kiswahili hapa Sydney tulikuwa wachache mno. Nilikuwa na daftari la maneno ya kisheria niliyoyakusanya kwa miaka: mtuhumiwa si mshtakiwa, kuua si kuua kwa kukusudia. Nilijivunia daftari lile, sikatai.

Halafu kulikuwa na kundi letu la WhatsApp, la Waswahili wa magharibi mwa Sydney: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi. Lilianzishwa kwa ajili ya misiba na harusi, na kuulizana wapi panauzwa unga wa muhogo. Vita vya Gaza vilipolipuka mwezi wa tano, kundi likapasuka katikati, na tulipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona mwishoni mwa Juni watu wakawa hawana pengine pa kwenda ila humo. Saa tano asubuhi tulisikiliza idadi ya wagonjwa wapya kwenye televisheni, saa tano na nusu tukarudi vitani. Wa upande huu waliita kila kombora mauaji ya kimbari na kila Mwisraeli Nazi. Wa upande ule walimwita gaidi kila aliyewalilia watoto wa Gaza, na aliyeuliza swali lolote akaambiwa anawachukia Wayahudi. Hoja ziliisha mapema. Yakabaki majina tu, na kila aliyerushiwa moja aliokota zito zaidi.

Mimi na kimbelembele changu nikaandika ujumbe mrefu. Nikasema jamani, haya ni maneno ya mahakamani. Mauaji ya kimbari yana maana yake: lazima ithibitishwe nia ya kuwaangamiza watu kwa sababu tu ni watu wa kabila au dini fulani. Gaidi naye ni jina la kosa, si la mtu tusiyekubaliana naye. Mtu anaweza kutenda uovu mkubwa na uovu huo ukawa na jina lingine, nikaandika, na mtu anaweza kulia msiba bila kuwa gaidi. Nilidhani nitashukuriwa.

Nilipigwa kutoka pande zote mbili. Muislamu mwenzangu aliniita kibaraka wa Wazayuni. Kaka mmoja Mkristo, mtu wa kanisani, akaniita shabiki wa magaidi, na akaongeza kwamba anapiga picha za mazungumzo yetu, na majina yote, atayapeleka kwa wahusika. Wahusika gani, hakusema.

Humo kundini nilikuwa na mtu wangu mmoja. Mwanamke Mrundi, mlezi wa wazee, akiishi Merrylands, kitongoji cha jirani. Tulikutana darasa la Kiingereza mwaka wangu wa kwanza, mimi nikalimaliza, yeye akaliacha kwa ajili ya kazi. Alimpokea binti yangu shuleni kila Alhamisi kwa miaka miwili. Alitoka Burundi mwaka wa mauaji, akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba na kaka zake wawili hawakutoka. Alikulia kambini Kigoma, akajifunza Kiswahili kutoka redioni na sokoni. Watu walipokuwa wakirushiana kimbari kundini, yeye aliizima simu akaenda kupika.

"Ile neno mimi siitumii, dada," aliwahi kuniambia. "Nikiisema, siku inaniharibikia."

Sasa, muda mfupi baada ya mimi kuitwa shabiki wa magaidi, chini yake kabisa, ukaingia ujumbe wake. "Magaidi wote wa humu, admin fyekelea mbali, tupumzike!" Mwishoni alitia vikaragosi vinavyocheka hadi machozi.

Kwa Mtanzania, huo ni utani. Waziri akitumbuliwa, tunasema kafyekelewa mbali. Kocha akifungwa mechi tatu, naye anafyekelewa mbali. Alikuwa anamwambia msimamizi awatoe kundini wagomvi wote ili tupate kulala. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimetoka kuitwa shabiki wa magaidi, naye anasema magaidi wote wa humu, nikaumia. Alinipigia jioni, sikupokea. Alipiga tena kesho yake.

Wiki ile ile nilipata ujumbe wa idara ya afya: nilikuwa nimenunua nyama katika duka lililopitiwa na mgonjwa, nijifungie siku kumi na nne. Nje helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa. Wanajeshi walikuwa wameletwa mitaa yetu, si ile ya matajiri wa ufukweni, kusaidiana na polisi kugonga milango. Binti yangu alisoma kwa kompyuta sebuleni, mimi nilitafsiri chumbani, na kila hatua ya mtu kwenye ngazi niliihesabu mpaka ipite mlango wetu. Nilikuwa nikiota yule kaka wa kanisani amekaa mezani na ofisa, wanasoma jina langu.

Siku ya sita mlango ukagongwa. Askari wawili na mwanajeshi mmoja, barakoa hadi machoni. Sikumbuki kuvaa ya kwangu.

Askari mkubwa akasema kwa Kiingereza cha upole, "Habari, mama. Tumepita kuhakikisha kila kitu kiko sawa humu ndani."

Sikumngoja aendelee. "Si mimi," nikasema. "Mimi sikuandika kitu. Kuna mwanamke ndiye aliyeandika."

Akamtazama mwenzake. "Ameandika nini?"

Hapo ndipo ninaporudi kila nikikosa usingizi. Kiingereza kina neno la kumtoa mtu kundini. Kina la kumfukuza, kina la kufyeka nyasi. Yote nilikuwa nayo, ndiyo kazi yangu, watu walinilipa kwa kuyajua. Nilitaka moja tu, zito kiasi cha kuwageuza wale watu wenye sare waache kunitazama mimi.

"Anataka Waislamu wauawe," nikasema. "She's calling for genocide." Yaani anachochea mauaji ya kimbari.

Akatoa kijitabu. Akaniomba jina la huyo mwanamke na namba yake ya simu. Nikampa. Jina la Kirundi lilimshinda, nikamtajia herufi moja moja. Alipomaliza akasema wao wamekuja kukagua watu waliojifungia tu, wala hawana habari nyingine, akaomba amwone binti yangu kwa macho. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Mum," akasema walipoondoka, "what did Aunty do?"

Nikamwambia arudi darasani.

Kesho yake kengele ya chini ikalia. Rafiki yangu alikuwa amesikia kwa watu kwamba nimefungiwa. Akitoka zamu ya usiku, na kibali chake cha kazi mfukoni, alipita akaacha mlangoni mfuko wenye viazi, maharage na sabuni, akaondoka kabla sijashuka. Ningeweza kumpigia. Ningeweza kumpigia askari nikasema nimekosea, ni utani, ni mambo ya makocha na mawaziri. Lakini kusema nimekosea kulitaka nieleze kwa nini, na mkalimani aliyedanganya polisi ni mtu wa namna gani mbele ya fomu ile? Niliogopa. Nikapika maharage, tukala.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja simu ya kazi ikaita, nikajitambulisha kwa namba yangu na lugha yangu kama kawaida. Askari, sauti ngeni, akasema yuko na mama mmoja kwenye laini ya tatu, mazungumzo mafupi, hakuna aliyekamatwa. Akamsalimu. Nikatafsiri salamu.

"Nzuri tu, asante," mama akajibu, nami nikaijua sauti yake.

Utaratibu wa kazi uko wazi: ukimfahamu mhusika, unasema papo hapo na unajitoa. Sekunde moja ingetosha. Lakini ningejitoa, askari angeuliza tunafahamianaje. Nikaifanya sauti yangu iwe nzito, ya ofisini, kama vile hilo lingesaidia.

"Mwambie," askari akasema, "tumepata taarifa kwamba aliandika ujumbe wa kuchochea genocide. Tungependa atueleze."

Ningeweza kulipunguza. Lakini nililisema lote, herufi zote, kwa mtu ambaye hawezi kulitamka: mauaji ya kimbari.

Askari akauliza kama laini imekatika. Nilisikia birika linachemka jikoni kwake, nikasikia analizima.

"Mimi?" akasema. "Mimi ndiyo niseme ile neno?" Nikatafsiri. "Baba yangu alikufa na ile neno." Nikatafsiri. Pumzi yake ilikuwa karibu sana na simu. "Nilisema watu watolewe kwa group. Nilikuwa nacheka. Dada yangu anajua, muulizeni yeye, anaishi Auburn, anajua Kiswahili yote." Hilo nalo nikalitafsiri, na katikati yake sauti yangu ya ofisini ikaniponyoka, ikatoka ile ya kwangu.

Halafu, polepole:

"Dada? Ni wewe?"

Askari akauliza amesema nini. Tumeapa kutafsiri kila kinachosemwa, hakibaki kitu. Nikatafsiri.

"Anamuuliza nani?" askari akasema.

Kazini mkalimani hasemi "mimi". Akilazimika kujitaja husema "mkalimani", ili isidhaniwe ni yule anayemsemea.

"Mkalimani," nikamwambia. "Anamuuliza mkalimani."