Baba Alipokataa Kumtia Farasi Mkono

Juzi bwana mifugo, akichanja mbwa hapa Kibiti, aliwaonya watoto wasimtie mkono mdomoni mnyama anayetokwa na udenda. Nikamkumbuka baba yangu, aliyekuwa mtunza farasi wa mzungu wa boma.

Alasiri moja nilipokuwa naye kazini, zizi lilinuka jasho na nyasi mbichi. Farasi alitokwa na udenda mrefu, na kila akipewa maji yalimrudia puani. Mzungu akasema amekwamwa na kitu kooni, akamwamuru baba aingize mkono akitoe.

"Siingizi, bwana," baba alisema. "Huyu aling'atwa na mbwa koko. Ana kichaa."

Mpishi wa mzungu akacheka. "Kichaa cha mbwa kimpate farasi? Sema unaogopa, mtani wangu!"

"Basi kazi naiacha," baba alimwambia mzungu.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani kwa aibu, nikidhani baba ni mwoga. Sikujua kwamba udenda ule ungemuua baba kama angeingiza mkono.

Siku ya tatu farasi aliutafuna mlango wa zizi, akaanguka, akafa. Mzungu akaja kwetu mwenyewe kumwomba baba arudi kazini. Nilitoka mbio nikasimama kando ya baba, majirani wote wanione mimi ni mtoto wa nani.