Mpunga wa Zaituni

Usimwone Halima wa Kindu, kule Kongo, ameketi kimya mbele ya ungo wake ukadhani hana la moyoni. Hamu ya mdogo wake imemla tangu mwaka tisini na tano, Zaituni alipoolewa Kigoma, akapanda treni hadi Kalemie, akavuka ziwa. Waliagana stesheni wakicheka. Treni si ipo? Watatembeleana kila Idi!

Idi gani? Vita vikaja, reli ikakatika. Halima akakimbilia msituni upande wa Kailo na kibuyu cha mbegu ya mpunga wa marehemu mama yao. Walikula mizizi, walikula majani, na kibuyu akakilalia. "Hii iko na mwenyewe ng'ambo," alisema. Wenzake wakamwona mwendawazimu.

Vita vilipopoa akaupanda, akavuna mwaka baada ya mwaka, akingoja njia. Sasa magoti yake yamekataa safari, na pasipoti nayo ni mali ya wakubwa. Mwaka huu Zaituni akapiga simu: amepata kishamba bondeni, anataka mbegu ya mama, aione ikichipuka kabla hajafa. Ee, Halima alivyofurahi! Akajaza gunia, akamkabidhi Fortunat, mfanyabiashara aendaye Kigoma. Mpunga na maganda yake, maana kwao ndugu hatumiwi mchele uliotwangwa. Huo ni wa mgeni: ale, aende zake. Ndugu hupewa wa kupanda.

Juma la tatu Fortunat akapiga simu kutoka bandarini Kalemie.

"Mama Halima, watu wa forodha wanasema hii njo mbegu, si chakula. Mbegu inataka karatasi ya Kinshasa, na ingine ya ng'ambo. Ikitwangwa inakuwa chakula, inapita. Meli inatoka kesho."

"Na karatasi inachukua siku ngapi?"

"Mama, wenye kuingojea niliwaacha hapa safari iliyopita. Bado wako hapa."

Halima akawaza: Zaituni angoje tena? Miaka yote hii haijatosha? Angalau auonje.

"Basi, itwange," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila haya.

Siku ya nne Zaituni akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, umenitumia uliotwangwa. Nimekukosea nini?"

Halima akamweleza yote: bandari, mbegu, meli, karatasi. Zaituni akasikiliza hadi mwisho.

"Karatasi ya nini, dada? Si ni mpunga wa mama?"