Wavu Ulioletwa Matangani

Siku waliyoleta fahali matangani kwetu naikumbuka kuliko hata siku ya mazishi yenyewe. Nilikuwa kijana wa kuanza ndevu, nimeketi nyuma ya jikoni nikinoa kisu. Mwanangu, nakueleza haya nikiwa na hasira, na sitakuficha. Kuna hasira ambayo ni dhambi. Hii si hiyo.

Dada yangu Wanjiru alikuwa amekufa, yeye na nyumba yake. Tuliishi chini ya ranchi moja kavu, unapoteremka kutoka Mau Narok kuelekea bondeni, na juu yetu kulikuwa na bwawa la udongo la mwenye ranchi. Sisi tulimwita Bosi. Mgala muue na haki yake mpe: kiangazi kikikaza alitufungulia geti, tukanywesha ng'ombe na kuteka maji, na hakuwahi kututoza chochote.

Lakini Bosi alikuwa akifuga samaki humo. Bwawa la udongo huachiwa mfereji upande mmoja, ili maji yakizidi yapitie hapo badala ya kupanda juu ya ukuta. Samaki walikuwa wakitorokea mfereji huo, basi akauziba kwa wavu wa waya.

Nyanya yetu, ambaye ndiye aliyetulea, alimwambia siku moja pale getini, mbele ya watu wenye mitungi. "Bosi, huo wavu unashika majani. Mvua ikija, maji yatapita wapi?"

Bosi akatabasamu. "Kwani nyanya, wewe unakunywa maji ya nani?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Asante ya punda," wakacheka tena. Nyanya akabeba mtungi wake mgongoni akaenda.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Hawakutuambia kwamba kuna pengo ambalo ukiliziba ndipo ukuta unapobomoka. Masika ilipofika, majani na matete na chupa za plastiki vilijaa kwenye ule wavu, maji yakakosa njia, yakapanda juu ya ukuta na kuukata kama mtu anavyokata ugali. Ilikuwa jioni. Wanjiru alikuwa akipika.

Ndipo Bosi akaja matangani na fahali mnene aliyevutwa kwa kamba na mfanyakazi wake. Wazee waliinuka kumpisha kiti. Akamshika Nyanya mkono.

"Pole sana, mama. Hii ni kazi ya Mungu, hatuwezi kuuliza."

Pasta akaitikia amina. Nami nikainuka na kisu changu, maana kwetu mgeni akileta nyama matangani, vijana huchinja bila kungoja kuambiwa.

"Weka kisu chini," Nyanya akasema. "Utachinjaje kabla hujajua umeletewa nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kukaripiwa mbele ya wageni, na kisu mkononi. Lakini hakuwa amemaliza. "Nenda na wenzako huko bwawani, mniletee ule wavu."

Jirani mmoja akamwinamia. "Mathe, wacha hayo maneno. Tutanyimwa maji."

"Maji tumeshapewa," Nyanya akamjibu. "Yalitufuata mpaka jikoni."

Tulikwenda. Wavu tuliukuta kwenye matope, bado umefungwa kwenye nguzo moja. Tulipouvuta ulikuja na takataka zake zote. Tukaubeba mabegani, kama tulivyokuja kubeba majeneza kesho yake, na kuutua miguuni pa Bosi.

Nyanya akamgeukia pasta. "Nionyeshe hapa," akasema, "ni waya upi uliofungwa na Mungu."

Bosi aliangalia viatu vyake. Fahali akarudi kwao na kamba yake, waombolezaji wakala githeri, mahindi na maharagwe tu, na wengine wakaondoka wakinung'unika kwamba wamenyimwa nyama. Hao nao sijawasahau.

Hakuna aliyeulizwa kitu na serikali. Bosi alizeeka akafa kitandani pake. Nyanya naye alikwenda.

Juzi nilipita huko juu nikitafuta mbuzi. Mwana wa Bosi ameujenga ukuta upya, mrefu kuliko ule wa kwanza. Anafuga samaki wa kuuzia mahoteli. Na kwenye mfereji, mwanangu, kuna wavu mpya unaong'aa. Chini yake mashamba yamekatwa ploti, na mabati tayari yameanza kuonekana. Mjukuu wangu anataka kununua hapo. Nilipomwonya akacheka. "Guka, hiyo ni stori ya kitambo."

Kitambo. Wanjiru bado amekufa. Leo asubuhi nilipoamka alikuwa amekufa vilevile.

Basi nisikilize. Ukipewa maji, shukuru, na kwa mdomo huohuo uliza yatapita wapi yakizidi. Shukrani isiyoweza kuuliza swali ni kamba ya shingoni. Usijenge chini ya bwawa ambalo mfereji wake umezibwa, hata ploti iwe rahisi namna gani. Ukiona ukuta unatoa unyevu kwa chini, au fuko wameutoboa, usingoje kikao: hamisha watoto kwanza, ndipo mwende wengi kwa chifu na kwa watu wa maji. Nendeni wengi, kwa sababu Nyanya alisema peke yake na akachekwa. Na mtu akikuambia ni kazi ya Mungu, mwombe akuonyeshe mkono wa Mungu ulipogusa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hayo ya huko juu bado hayajamwagika.

Mimi kesho napanda tena, na koleo la kukata waya. Magoti yangu ni mabovu, ukitaka, nisindikize.

Mungu akujalie mvua ya kushibisha ng'ombe wako, na mvua hiyo aipe njia ya kupita kando ya mlango wako. Uzeeke ukiwa na dada zako wote.