Mzigo Niliosema Si Wangu

Najua mmekuja kuniuliza habari za meli. Siku hizi kila anayeingia dukani kwangu hagusi hata kitenge kimoja kabla hajauliza. Nitawajibu, sina choyo. Lakini leo nawaeleza kwanza jambo lililonipata, na asiyetaka kuamini asiamini. Mimi si mtunga hadithi, mimi nauza nguo. Muuza nguo ana uongo wake, nakubali, ila ni uongo wa kusema rangi haichuji. Wa kusingizia wafu sina.

Duka langu liko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Nyumbani ni Tororo, kwenye vumbi la kiwanda cha simiti. Mwanangu anayefanya kazi Arabuni ndiye aliyenipeleka baharini mara ya kwanza. Alisema, "Mama, umechoka, kapande meli ya watalii ukapumzike kama wazungu." Nikaenda, nikarudi, na tangu hapo nimekuwa mwalimu wa meli bila mshahara. Haya, basi. Chakula ni kingi mpaka unaona aibu. Nguruwe yupo, lakini ukiuliza wanakuonyesha pa kula. Kibla inahama kwa sababu meli inageuka. Mimi nilimsumbua mhudumu mmoja kila swala, mpaka akawa akiniona kwa mbali ananyoosha mkono. Tangawizi mbichi itafune kabla hujaanza kutapika. Kadi ya homa ya manjano usiisahau. Na mkishuka kutembea bandari za watu, angalieni saa, maana meli haingoji mtu.

Safari ya pili nilikuwa nakwenda na akina mama watano wa chama chetu cha Tororo. Mimi ndiye kiongozi, mimi ndiye mjuaji. Wiki mbili kabla ya kuondoka, akaja yule mama.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua la utosi. Mnasema mambo haya huja usiku? Nani aliwaambia? Alikuja mchana kweupe, watu wamejaa barabarani, akapiga magoti mlangoni akanisalimia, kama wanawake wa vijijini huku wanavyosalimia. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amevaa gomesi ya kijani, lile vazi refu la akina mama wa Uganda linalofungwa mshipi kiunoni. Mimi jicho langu ni la nguo, nikaona mambo mawili. Gomesi ilikuwa mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado iko, haijawahi kuguswa na maji. Na haikuwa na mshipi. Gomesi bila mshipi! Roho ya biashara ikaniambia, huyu leo hatoki bila kununua mshipi.

"Mama, nasikia wewe nakwenda na ile meli kubwa," akasema.

"Nakwenda, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nauliza tu kidogo. Wale watu ya kazi, wao nalala wapi?"

Wallahi, katika wote walioniuliza habari za meli, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Nikamwambia wanalala chini kabisa, sisi abiria hatufiki huko.

"Na mtu kama naanguka kwa maji, meli narudi nyuma?"

Hilo nililijua. Siku ya kwanza huwa wanatukusanya, wanatufundisha kuvaa makoti ya kuelea, na tuliambiwa mtu akianguka meli inageuka. "Inarudi, mama," nikamjibu kwa kujiamini.

"Hata kama ni mtu ya kufua mashuka?"

Nikaanza kukunja kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari. Ndipo akanieleza. Mwanawe, Othieno, alikuwa dobi kwenye meli kama ile. Siku ya pili baada ya meli kutoka Zanzibar alimaliza zamu yake, na hakuonekana tena. Watu wa meli walipiga simu, wakasema pole. Huko kijijini kwao Petta, wazee walipoona maiti haiji, wakafanya kama inavyofanywa maiti ikikosekana: wakachimba kaburi, wakazika shina la mgomba badala yake, mambo yaishe.

"Mimi nakataa," akasema yule mama. "Mtoto yangu si mgomba."

Akatoa kifurushi, kimefungwa kwa jani kavu la ndizi na kamba ya mgomba, ukubwa wa ngumi. "Ni udongo ya nyumbani. Ukifika hapo, siku ya pili, mwagia yeye. Ambia yeye ni mama ndiyo natuma. Ajue njia."

Sasa, mimi ni mtu wa mpaka. Mtoto wa mpakani hufundishwa mapema: mzigo wa mtu usiyemjua usiubebe, hata akilia. Nilikifungua, nikatazama, nikauchambua kwa kidole. Udongo mtupu, mwekundu. Na nilikuwa nataka kumuuzia mshipi. Kwa hiyo nikasema, "Wallahi, nitamfikishia."

Mnijue vizuri hapa. Mimi kwa siku naapa mara ishirini. Wallahi bei ndiyo hiyo, wallahi kitambaa hiki kimefika jana, wallahi sipati kitu. Ni kiapo cha dukani, wateja wenyewe wanajua. Yule mama hakujua. Alinitazama, akasema, "Umeapa."

"Nimeapa, mama."

Nikageuka kuchukua mishipi nimwonyeshe. Nilipogeuka tena hayupo. Nikadhani amechanganyika na watu wa soko.

Siku ya safari, Mombasa bandarini, mizigo inapita kwenye mashine. Nilikuwa nimekificha kile kifurushi katikati ya khanga. Binti wa ukaguzi akakitoa, akakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Mama, hii ni nini?"

Nyuma yangu wamesimama akina mama watano, wamevaa wakapendeza, wananitegemea. Mmoja ameshaanza kunong'ona, "Wametukamata." Na yule binti anaendelea, "Udongo hauingii melini. Ni wako?"

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kusema, dada, mama mmoja amefiwa, niruhusu. Labda angekataa, lakini ningekuwa nimesema. Badala yake nikasema, "Si wangu. Sijui umeingiaje humo."

Akautupa kwenye pipa. Nilisikia ulivyodondoka. Nikatabasamu, nikachukua begi langu, nikawaambia wenzangu twendeni.

Siku ya pili baada ya Zanzibar, alasiri, dhamiri ikanisumbua, nikatoka kwenye ukingo wa meli mikono mitupu. Nikaanza, "Othieno, mama yako..." Nikashindwa kumalizia. Ningemwambia mama yake ametuma nini? Bahari ilikuwa bahari tu, watu wanaogelea kwenye bwawa, muziki unapigwa. Nikarudi chumbani.

Mnaouliza kama ni kweli taulo hukunjwa zikawa wanyama: ni kweli. Kila siku mhudumu akisafisha chumba anakuachia kitandani taulo iliyokunjwa ikawa tembo, bata, chochote. Siku hiyo hapakuwa na mnyama. Kulikuwa na taulo ndogo imefungwa kifurushi, ukubwa wa ngumi, na imefungwa kwa fundo lilelile la yule mama. Nikamwita mhudumu. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka, akasema yeye alikunja sungura. Nilikifungua. Ndani hamkuwa na kitu. Sikula tena mpaka tulipofika Mombasa, na wenzangu wakadhani ni kichefuchefu.

Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi, saa nane, akapiga magoti mlangoni. Gomesi ileile, mikunjo ileile.

"Ulimfikishia?"

Duka lilikuwa na wateja wawili. Sikutaka wasikie. Nikasema, "Nilimfikishia."

"Alisema nini?"

Nani alitegemea swali hilo? Lakini mdomo wa biashara haukosi la kusema. "Alisema asante, mama. Alisema sasa amepumzika."

Yule mama akacheka. Alijiziba mdomo kwa kiganja akacheka kama msichana aliyeletewa barua, akainuka, akaenda. Nami nikabaki nimeshika futi ya kupimia na najichukia. Nimewahi kudanganya watu wengi, lakini furaha ile ilinichoma.

Jumapili nikachukua boda boda hadi Petta. Nilikusudia kumwambia ukweli kwake, nyumbani, tukiwa wawili. Nikaulizia kwa kina Othieno wa meli, wote walipajua. Nilimkuta mke wa kaka yake Othieno anamenya mihogo. Nikamwambia nimekuja kumwona mama.

"Mama gani?"

"Mama Othieno."

Akaweka kisu chini. "Mama tulizika kabla ya mvua kuanza. Wewe nani?"

Kabla ya mvua! Mimi alinijia mvua zikiwa zimeshakwisha. Nikamuuliza, sijui ujasiri nilitoa wapi, walimzika na nini. Akasema gomesi mpya ya kijani, waliyonunua siku ya msiba wenyewe, wakamvalisha hivyohivyo bila kuifua. "Mshipi tukaachia binti yake." Na mshipi ulikuwa pale, umetundikwa kwenye msumari. Kitambaa ni kazi yangu, ndugu zangu. Ulitoka jora moja na ile gomesi.

Akanipeleka kwenye kaburi la mama. Pembeni mwa kaburi palikuwa na tundu, ukubwa wa ngumi, udongo mwekundu umechotwa. "Hapa tunajaza kila wiki," akasema yule mke wa kaka. "Tukijaza, nafunguka tena." Nikajua udongo niliochambua kwa kidole changu ulitoka wapi. Sikumweleza. Nilisema pole, nikapanda boda boda, na njia nzima nilisoma kila aya niliyofundishwa utotoni.

Mtaniuliza kwa nini sikufunga duka Alhamisi iliyofuata. Nilitaka. Lakini nilifikiri, huyu mama hakunikosea kitu. Aliniuliza, akaniamini, akapiga magoti. Mkosaji ni mimi. Nikafungua duka, nikawafukuza wateja mapema, nikakaa.

Saa nane akaja, akapiga magoti. Uso wake ulikuwa na ile furaha bado. "Alisema nini tena?" akauliza.

Nikashuka kutoka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele yake, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti. Nikasema, "Mama, nilidanganya. Waliniuliza mzigo ni wa nani, nikasema si wangu. Ukatupwa kwenye takataka. Othieno hakupata kitu."

Hakulia wala hakunilaani. Afadhali angenilaani. Akasema, "Basi yeye bado iko huko peke yake." Halafu akasema, "Mimi nakwenda mwenyewe. Wewe umeapa, utanipeleka."

Na hapo alipokuwa amepiga magoti, pakawa patupu.

Sheikh mmoja wa Tororo nilimweleza yote. Alinisikiliza, akaniambia nitoe kafara ya kiapo. Nikalisha maskini kumi, na siku tatu nikafunga juu yake. Labda kwa Mungu nimesamehewa. Kwa yule mama bado.

Maana tangu siku hiyo, nikivuka mpaka kwenda upande wa Kenya kuchukua mali, maofisa wananiuliza mambo. Mara ya kwanza ni kijana mmoja, ana heshima zake. Akatazama kitambulisho changu, akatazama nyuma ya bega langu. "Mama, na huyo mwenye gomesi ya kijani? Ni wako?" Nikasema niko peke yangu. Aliangalia tena, akajikuna kichwa, akanipitisha. Papo hapo ladha ya udongo ikanijaa mdomoni, ikakaa mpaka jioni. Maji hayakuiondoa, chai haikuiondoa. Mara ya pili ofisa mwingine, swali lilelile, nikakana, udongo mdomoni siku mbili. Mara ya tatu sikuweza hata kumeza mate.

Juzi nimevuka tena. Ofisa ni mwanamke, amechoka, foleni ndefu. "Mama, huyo nyuma yako mko pamoja?"

Sikugeuka kutazama. Nikasema, "Ndiyo. Ni wangu."

"Haya, piteni," akasema. Nikapita, mdomo wangu mkavu lakini safi.

Kwa hiyo safari ya tatu ipo, nimeshalipia, chumba cha watu wawili. Mnaotaka kuja nami karibuni, ila mjue tutakuwa zaidi ya tutakaohesabiwa, na siku ya pili baada ya Zanzibar msinitafute. Ninaogopa, sitawaficha. Sijui mama anayekwenda kumfuata mwanawe majini anakusudia kurudi naye au kubaki naye, wala sijui mimi atanihitaji kwa lipi nikiwa nimesimama pale ukingoni.

Na wewe unayesafiri, kesho au mwakani, watakuja na vifurushi vyao. Nibebee hiki, nifikishie kile. Kukataa si dhambi. Kataa mlangoni, mtu akasirike, aende zake. Lakini ukishaupokea mzigo mkononi, usije ukafika mbele za watu ukasema si wako.