Gauni la Mtunza Funguo

Fundi yeyote wa nguo, hata yule wa kukunja mapindo ya mashuka tu, ukimwekea kitambaa mezani ana swali lake la kwanza: nguo ni ya nani? Kabla ya mshono gani, kabla ya unaitaka lini. Ukimkuta fundi asiyeuliza hilo, chukua kitambaa chako ukimbie. Sasa huyu ninayemsimulia ameshona tangu hajaolewa, watu wanamkabidhi nguo zao za harusi, na bado swali hilo lilimpita. Simlaumu. Mteja alikuwa mama yake mzazi.

Sebule yake ndiyo chumba cha kushonea. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia katikati, na kando ya mlango kiti cha mama chenye mto, maana mama aliletwa pale baada ya kuliacha jiko likiwaka mara ya pili. Mwanzoni alikuwa anasahau miwani. Halafu akasahau njia ya chooni. Halafu siku moja, siku ya kawaida tu, maji ya kuoga yako tayari, akamtazama bintiye aliyemshika mkono akasema, "Asante, fundi." Kutwa alisikia wateja wakiita fundi, fundi, naye akashika hilo hilo. Fundi! Mtoto aliyemzaa mwenyewe! Binti alicheka mbele yake, kisha akaenda kulia bafuni.

Zamani mama hakuwa akimwita hivyo. Alimwita Kibiriti, kwa sababu alikuwa kitoto kidogo, chembamba, na ukikigusa tu kinawaka. Hakuna mwingine aliyethubutu kulitumia jina hilo. Alichotaka binti sasa ni kulisikia tena, hata mara moja. Mengine yote alishamwachia Mungu.

Basi siku moja mama akapapasa jora la kitambaa cha buluu iliyokoza, macho yakachangamka. "Hiki ndicho cha gauni la Mtunza Funguo," akasema. "Nishonee, fundi."

Binti akageuka upesi! Mtunza Funguo alikuwa mwanamke wa kwenye kitabu cha hadithi, wa zama za miji yenye kuta, aliyeficha funguo za lango ndani ya gauni lake maadui wasiingie. Utotoni mama alikuwa akimsomea binti hadithi hiyo kitandani kwa sauti zote, ya adui nzito, ya mlinzi ya kukwaruza. Kitabu chenyewe jirani alikiazima akahama nacho, Mungu amsamehe. Kwa hiyo gauni lilibaki kichwani mwa mama peke yake, tena limebaki wakati hata majina ya wanawe yamekwenda. Binti akavuta futi bila kuuliza neno, akampima mama mabega, kifua na kiuno, akakata.

Weee, kazi ikaanza! Leo mikono ilikuwa mipana, ya kufichia funguo. Akashona. Kesho yake mama akaguna: "Mikono gani hii? Ilibana, ndiyo maana hawakumshuku." Akafumua. Kola ikasimama, ikalazwa, ikaondolewa, kisha ikaulizwa iko wapi.

"Mama, si jana ulisema..."

"Jana sikuwepo," mama akajibu. Haya, mbishie mtu hapo.

Kaka yake mkubwa alipokuja kumwamkia mama, alikuta sakafu imejaa nyuzi zilizofumuliwa. "Mdogo wangu, unajichosha bure," akasema. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Sikio la nani?" akawaka. "La mama? Hebu rudia!"

Kaka akamaliza chai yake, akaaga. Naye angefanya nini? Wote wawili walikuwa wameshika tama, ila mmoja alishika na sindano. Mganga hajigangi, wanasema, na kweli, kwa kila kitambaa alikuwa na sindano yake, lakini kwa hili hakuwa nayo.

Mwishowe gauni likatulia. Hakuna aliyeridhika, ila kitambaa kilichoka kufumuliwa, matundu ya sindano yakaanza kuonekana. Akatia mfuko wa siri kiunoni, ndani yake ufunguo wa kabati la zamani. Akalipiga pasi, akapiga magoti mbele ya kiti, akalinyanyua.

"Mama, tazama. Mtunza Funguo."

Mama akalitazama. Kisha, bila kuonyeshwa, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa siri, ukatoka na ufunguo. Akacheka, kile kicheko chake cha zamani. Sasa, binti akajiambia. Sasa ataniita.

"Zuri mno," mama akasema. "Lakini kubwa hili, fundi! Atalivaaje?"

"Nimekupima wewe, mama. Ni lako."

"Langu? Mtu mzima mimi, gauni la hadithi nalipeleka wapi? La mwanangu, nimemwahidi." Akainama, akanong'ona. "Mdogo, lakini mkali huyo! Ukimcheleweshea nguo yake atakuwakia hapa hapa. Kibiriti, ndiyo jina lake."

Jina likawa limesemwa, kwa sauti ile ile na mapenzi yale yale, na hakuwa yeye aliyeitwa. Alitaka kupiga kelele: ni mimi, mama, nimekua tu! Lakini alishajaribu hilo asubuhi nyingi, na kila mara mama aliogopa, akalia, akaomba arudishwe kwao.

"Ana urefu gani huyo mtoto?" akauliza. Swali la fundi, limechelewa.

Mama akanyoosha kiganja hewani, akakishusha kidogo, kikasimama juu ya kichwa cha binti yake aliyepiga magoti, karibu kiguse nywele. "Hivi."

Binti akainuka. Akalitandaza gauni mezani, akachora kwa chaki, akashika mkasi.

"Acha akiba kwenye pindo, fundi," mama akasema nyuma yake. "Anakua upesi sana yule."

"Nitaacha, mama."