Maganda ya Bunduki Mbili

Harufu ya siki iliyopashwa moto hunirudisha, hata leo, kwenye gereji ya Mzee Walter kule Woodbridge, Virginia, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Siki ile ilichanganyika na mafuta ya mashine na vumbi la majani makavu yaliyoingizwa na upepo kila mlango mkubwa ulipoinuliwa. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unakaribia, na nyuma ya nyumba zetu barabara kuu ilinguruma mchana kutwa kwa magari ya kwenda na kutoka Washington. Wiki hii nimechoka, kwa hiyo nitasimulia polepole.

Leo nina karakana yangu mwenyewe Morogoro. Diploma yangu ya uhandisi mitambo nimeitundika pale ambapo kila mteja lazima aione, na sikubebwa na mjomba wala shangazi. Niliporudi na masanduku mawili na mashine ya kukereza iliyokwisha tumika, watu walinicheka, mwanamke na vyuma wapi na wapi. Waliocheka sasa wananiletea shafti zao na kusubiri kwenye benchi. Najisifu, ndiyo, kwa sababu nimefanya kazi. Lakini fundi wa kwanza nyumbani kwetu alikuwa baba. Kabla hatujahama alikuwa mkereza vyuma katika kiwanda cha sukari, mtu wa kupitisha kidole juu ya chuma na kukuambia kimezidi wapi. Amerika hakuna aliyejali cheti chake. Alibeba maboksi ghalani, akirudi nyumbani anakaa kwenye kochi na viatu vyake.

Mzee Walter alikuwa jirani yetu, mstaafu, mwindaji, mikono inatetemeka. Risasi zake alizitengeneza mwenyewe kwa kutumia tena maganda ya shaba. Ganda likishapigwa huvimba na kuchukua umbo la bunduki iliyolipiga, hivyo hulazimika kubanwa kabla ya kujazwa upya. Kibanio chake cha chuma, ambacho mafundi hukiita dai, kilikuwa kinabana ganda zima. Yeye alitaka kinachobana shingo peke yake, pale risasi inaposhikwa, mwili ubaki na umbo lile lile la bunduki yake. Mashine ndogo ya kukereza alikuwa nayo. Mikono ndiyo iliyomwangusha. Siku moja alimwona baba akiitazama mashine ile kutoka barabarani, akamwita. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Mwambie apanue tumbo la kibanio hiki lisiguse mwili wa ganda, shingo asiiguse. Akiweza, nitampigia simu mpwa wangu anayeishi Sterling. Ana karakana, anatafuta mkereza."

Mama aliposikia alicheka huku akivua sare yake ya kutunza wazee. "Baba Upendo! Umetoka kwenye maboksi, sasa unamuundia mzungu jeshi? Ukiulizwa kanisani unafanya kazi gani utasemaje?"

"Nitasema nakereza," baba alijibu. "Miaka mitatu sijalitamka neno hilo."

Ilimchukua Jumamosi mbili. Chuma kile kilikuwa kigumu, akakila kidogo kidogo, akipima na kupuliza, ulimi umejibana kwenye kona ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Sijawahi kumwona ameketi wima vile tena. Mimi sikuwa na la kufanya, na mama alikuwa amenilea kwamba nyumbani kwa watu hukai umekunja mikono. Ukikuta chombo kichafu, unaosha. Rafuni kulikuwa na makopo mawili ya maganda meusi kwa moshi. Niliyamwaga yote kwenye beseni moja, nikayasugua kwa siki ya moto hadi yakang'aa, nikayakausha kwa taulo, nikayagawa sawa kwa sawa na kuyarudisha makopo mahali pake. Yalifanana kama mapacha. Mzee Walter aliniita binti wa maana.

Jumamosi ya tatu alibana shingo za maganda kwa kibanio cha baba, akaanza kuyajaribu kwenye bunduki yake, matupu. La kwanza liliingia. La pili likaingia. Kwa la tatu komeo la bunduki lilikataa kufunga. La nne vile vile. Alitikisa kichwa akasema, kwa Kiingereza, kwamba haelewi. Kwamba kama yangekuwa maganda ya kopo la pili, yaliyopigwa kwa bunduki ya marehemu kaka yake, angeelewa kwa nini hayaingii, kwa kuwa tundu la bunduki ile ni pana zaidi. Lakini haya ni ya bunduki hii hii.

Niliyatazama makopo mawili rafuni, ambayo maganda yake niliyachanganya kwenye beseni moja. Nilielewa kila neno.

"Anasemaje, mama?" baba aliniuliza.

"Anasema kibanio hakiko sawa."

"Mwambie nitapima tena mbele yake."

Nilimwambia. Mzee Walter alisema asisumbuke, ataagiza kingine, na kwamba kwa mtu wa maboksi si kazi mbaya. Hilo nililitafsiri kuwa asante. Mpwa wa Sterling hakupigiwa simu. Jumatatu baba alirudi ghalani, akabaki huko mpaka mgongo ulipokataa.

Alirudi Tanzania mwaka mmoja baada yangu. Siku hizi huja karakana asubuhi, anavaa ovaroli na kupima kila kitu mara tatu, hata bushi ya mashine ya kusaga ambayo vijana wangu wangeimaliza kabla ya chai. Juzi kazi zilikuwa zimerundikana, mteja anapiga kelele, nikamwambia, "Baba, mara moja inatosha."

Hakukasirika. Aliifuta maikromita kwa kitambaa, akawageukia vijana. "Mimi niliwahi kukosea kwa unene wa unywele," alisema, "na unywele ule ulinila miaka yangu yote ya Amerika. Muulizeni Upendo. Yeye alikuwepo."

Vijana walinigeukia, na juu ya kichwa changu ilining'inia diploma. Nikawaambia, ndiyo, nilikuwepo. Kisha nikawasha mashine, na baba akaanza kupima upya.