Sukari Guru Ukutani

Dada yangu alikuwa mwigizaji kabla hajawa fundi wa kupamba nyumba. Kazi zote mbili alizipata bila kuzitafuta, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa nautafuta uigizaji tangu darasa la kwanza, na nilichopata ni viboko vya kuwaigiza walimu.

Alikuwa ameachika na kurudi kwetu Dongobesh, akawa anauza dukani kwa baba. Lilipokuja lori la serikali la michezo ya kuigiza, ya kuwafundisha wafugaji kupeleka ng'ombe kwenye josho la kuwaogesha dawa, mwanamke waliyemtegemea kuigiza alikuwa anaumwa. Dada alikuwa kaunta akipima chumvi. Bwana wa lori akamtazama, akamwomba kwa baba acheze nafasi ya yule mgonjwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimevaa kofia ya baba na kutembea kama mkuu wa wilaya. Hakuniona.

Kwenye mchezo dada akawa mke wa mfugaji mbishi. Kule Dirma mzee mmoja aliinuka katikati ya mchezo, akamwambia yule mume, "Msikilize mkeo, wewe. Kama humtaki, mimi nina ng'ombe."

Tatizo la dada ni kwamba hakuweza kuigiza mbele ya turubai tupu. Akashona magunia yawe ukuta, akayapaka udongo mwekundu na mweupe, akachora mistari kwa majivu, akatundika vibuyu na pazia la kanga. Walipofika Maretadu, watu walimaliza kuangalia mchezo wakapanga mstari kuangalia ukuta. Wakati mwingine, Katesh, mke wa mfanyabiashara mmoja alimwambia, "Mambo ya josho sikuyafuata sana, mwanangu. Lakini chumba hicho nakitaka. Binti yangu anaolewa."

Dada akaacha lori siku ile ile. Baba hakupenda. Alisema, "Haya, kapambe. Ila ukiharibu nyumba ya watu, unarudi kaunta, na sitaki kusikia tena habari za rangi."

Ilikuwa likizo, kwa hiyo nafasi yake kwenye lori nilipewa mimi. Nilicheza mara moja tu, Gehandu. Baada ya mchezo nikamwamkia bibi mmoja wa mbele. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Yule mwenzako mzuri yuko wapi?"

Nikamwambia amekufa. Akanipa pole, na yai.

Bwana wa lori alinirudisha nyumbani kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kufukuzwa. Dada akasema, "Basi njoo Katesh unisaidie kukoroga." Nikaenda. Njia nzima, juu ya magunia ya maharage, nilikuwa naomba chumba kile kiharibike arudi kupima chumvi.

Rangi yake ilikuwa udongo uliokorogwa kwa uji mwembamba wa mtama na chumvi, ili usiachie kwenye nguo za watu. Mkanda wa chini, mwekundu, aliniachia mimi. Nilikuwa nimebeba sukari guru kutoka dukani. Inayeyuka vizuri kwenye uji wa moto, na rangi yake ni ile ile ya udongo. Hakuna aliyejua.

Asubuhi ya kumleta bibi arusi, sisimizi walikuwa wameuzunguka ukuta wote, mstari mnene kama wamepangwa na mwalimu wa gwaride. Shangazi wa bibi arusi alishika mdomo. Mwingine akaenda kuchukua ufagio. Mimi nilisimama mlangoni nikiona kaunta ya baba kwa mbali, dada yuko nyuma yake.

"Mama, msiwafagie," dada akasema.

Hakupaza sauti. Alipiga magoti taratibu, ile sauti ya mke wa mfugaji mbishi ikamtoka, ile iliyomwinua mzee wa Dirma. Alisema hawa ni wageni wa kwanza. Wadudu hawa hawaendi kwenye nyumba yenye njaa. Wakija mapema hivi, chungu cha bibi arusi hakitakauka.

Kisha shangazi akasema pole pole, "Kweli. Hata bibi yetu alikuwa anasema hivyo."

Bibi yao hakuwahi kusema hivyo. Lakini ufagio ulirudishwa jikoni, na kabla ya pilau kuiva mgeni wa kutoka Mbulu alikuwa ameshamwomba dada apambe nyumba yake. Akasisitiza, na wale wadudu wawepo.

Dada alipitisha kidole ukutani, akalamba, akanitazama. Tulipokuwa tumepanda lori la kurudi, akaniuliza:

"Ulitia kiasi gani?"

"Cha nini, dada?"

"Usiniigizie. Huwezi."

Nilimwambia naweza. Nilimwambia tena naweza kuliko yeye, ila watu wanaangalia uso wake tu. Machozi yalinitoka, ya kweli, na hata hayo hayakumgusa.

"Haya, nitazame usoni," akasema. "Sema hukutia sukari."

"Sikutia sukari."

Akacheka mpaka akashika kamba ya lori. "Tena."

Nikasema. Akacheka. Nikasema. Mara ya saba hakucheka, akaniangalia kama mtu anayewaza labda kweli.

Kisha akasema, "Tena."